Printa Yenye Maringo

Taa nyekundu ya printa ilipepesa, kisha ikazimika. Imekataa tena.

"Haiitambui hii laptopu," Najiat alisema, akikuna kichwa kwa kalamu. "Ni ya dada yangu Tunu, niliiazima jana."

Mwalimu Consolatha alikaa kwenye benchi, flashi mkononi. Alikuja kwa treni kutoka Tura, na kwenye ile flashi kulikuwa na mitihani ya shule nzima. Wateja wengine walishahamia steshenari za stendi tangu laptopu ya Najiat ilipoibwa. Shule ya Tura ndiyo pekee iliyobaki. Nayo ikiondoka, duka lake la uchapaji hapa Isevya limekwisha, na Najiat alilijua hilo vizuri mno.

Wizi wenyewe ulikuwa wa ajabu. Mlango haukuvunjwa, kufuli halikukwaruzwa. Laptopu ilikuwa ya kutumiwa na wateja wote, mtu yeyote aliifungua akaandika, basi mwizi akaibeba ilivyo na kuiacha printa, pengine kwa uzito wake. Mtaa mzima ukaamua kwamba Najiat alisahau kufunga. Aliapa kwamba alifunga. Wakamwitikia "haya, haya," kama wanavyomwitikia mtu mwenye homa. Hilo lilimuuma kuliko laptopu.

Mzee Lukumani, mwenye nyumba, aliingia bila hodi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Bado unahangaika na hilo dude?" Yeye alikaa chumba cha pili. Vyumba vile havina dari. Ukipiga chafya huku, unaombewa afya kule. "Binti, biashara imekushinda. Niachie chumba changu, mwanangu afungue duka la vipodozi."

"Mkataba wangu haujaisha."

"Mkataba wa kukaa na dude lisilochapa?"

"Litachapa. Leo, mbele ya macho yako."

"Na lisipochapa?"

"Nakukabidhi funguo."

Consolatha alishtuka. Hata Najiat mwenyewe alishtuka, lakini maneno yalishatoka na hakuwa na nia ya kuyameza.

Alianza upya. Akazima printa, akaiwasha, akashikilia kitufe cha waifai mpaka taa ya buluu ikaanza kupepesa. Kwenye laptopu ya Tunu akafuta kila alichokosea asubuhi, akaiambia itafute printa. Jina likatokea. Chini yake kikatokea kijisanduku kinachodai paswedi. Mzee Lukumani akainama kuchungulia, naye Najiat akaifunika kibodi kwa kiganja.

"Unaficha nini? Si haina waya? Si inanasa hewani tu, kama redio?"

"Redio inaongea na kila mtu, mzee. Hii ina maringo. Laptopu ngeni haiipokei mpaka niitambulishe kwa mkono wangu, na paswedi naijua mimi peke yangu."

Aliandika herufi moja moja. Printa ikakaa kimya. Ikaguna. Kisha ikavuta karatasi, na mtihani wa hisabati wa darasa la tano ukaanza kutoka, mistari yote imenyooka.

Consolatha alipiga kigelegele kisichofaa kwa mwalimu. Najiat alitaka kulia kwa furaha. Badala yake akamtazama mwenye nyumba usoni.

"Funguo zinabaki kwangu, mzee."

"Mchezo wa mashine haunifungi mimi!" Mzee Lukumani alikuwa ameiva kwa hasira. "Nyumba ni yangu. Notisi ya kuhama utaipata leo leo."

"Iandike vizuri, maana nitakwenda nayo baraza la kata."

"Naiandika mwenyewe! Mwanangu kaniletea laptopu, unadhani umesoma peke yako?"

"Na kuchapa utachapia wapi? Ukitaka hapa, ilete niiunganishe. Wewe ni mteja kama wateja wengine."

Mzee alitoka akiburuta ndala. Punde juu ya ukuta zikaanza kusikika tak, tak, za kidole kimoja kinachotafuta herufi, na kati ya tak na tak, manung'uniko. Najiat alichapa mitihani ya Tura mpaka darasa la mwisho. Hakuharakisha wala hakusikitika. Mzee aje na notisi, aje na mgambo, yeye hatoki.

Alipomaliza aliizima laptopu ya Tunu, akaikunja na kuiweka mkobani. Consolatha alikuwa anafunga bahasha zake ili awahi treni.

Printa ikaguna. Ikavuta karatasi.

"Mbona inachapa?" Consolatha aliuliza. "Si umeshazima?"

Najiat aliichukua ile karatasi ikiwa bado ya moto. NOTISI YA KUHAMA, iliandikwa juu, na chini yake jina lake, limekosewa.

"Umeona?" Kicheko cha Mzee Lukumani kilipita juu ya ukuta. "Nimebonyeza tu, imekuja huko! Wala sikukupigia magoti unipe paswedi! Yako wapi hayo maringo?"

Najiat aliisoma notisi tena, polepole, huku tabasamu likimjia. Akatoka nje, akazunguka mpaka mlango wa chumba cha pili, akasukuma komeo la nje mpaka mwisho. Kisha akapiga simu kituoni.

"Afande, njoo Isevya," alisema kwa sauti ya kusikiwa na mtaa mzima. "Laptopu yangu imepatikana. Imenichapia notisi ya kuhama."