Kiota cha Pili

Siku hizi kila nyumba hutungiwa katuni ya kwake. Televisheni husikiliza mwaka mzima yanayosemwa sebuleni, kisha huyageuza kuwa sehemu ya pili ya katuni ya mwaka uliopita.

Mishi alikaa mkekani na bintiye Raya, wakitafuna bisi. Baba dinosaria, shujaa wao wa mwaka jana, alivuka mto, akaingia kiota kingine na kulisha makinda wageni.

"Bi mkubwa asijue nipo huku," dinosaria alinong'ona.

Sauti ile Mishi aliijua. Alimgeukia mumewe aliyekaa kochini nyuma yao. Hamadi alikuwa keshaikamata rimoti, jasho linamtiririka.

"Katuni tu hiyo, mke wangu."

Raya alinuna. "Kwa kina Saumu baba dinosaria ana kiota kimoja. Mbona sisi tumetungiwa viwili?"