Mtandao Usio na Sauti

Kidole cha binti kilikuwa tayari juu ya kitufe baba yake alipouliza, "Umechagua upi?"

Mitandao ya kuuzia kitabu alichoandika binti ilibaki miwili. Wa kwanza ulikuwa na wasomaji wengi, tena ulikuwa na sauti: mtu akigusa tu, simu inamsomea kitabu kizima. Wa pili ulikuwa bubu.

"Huu wa pili, baba. Hauna masharti mengi."

Baba alikaa karibu na dirisha, macho yake yasiyoona yameelekea kwenye mwanga. Dole gumba lake lilikuwa likisugua chuma cha mkanda wake, kikang'aa kama kijiko. Mkanda huo na mapigo yake vilikuwa kwenye sura ya nne ya kitabu, pamoja na siku mama alipoanguka kwenye ngazi asiinuke tena.

"Huo unasoma kwa sauti?"

"Hapana."

"Basi mimi sitakisikia."

"Ni mambo ya mapenzi tu. Yangekuchosha."

Baba alicheka puani. "Mwanangu, tangu utotoni ukiandika midomo haitulii. Unanong'ona kila neno. Mwaka mzima umeandikia kwenye meza hiyo, na mimi nipo hapa. Macho yamekufa, masikio mazima."

Kidole kikaganda palepale.

Dole gumba la baba nalo likatulia.

"Usikitoe kitabu bado," alisema, polepole, kama mtu anayeomba maji. "Sura ya nne umekosea. Mama yako hakuanguka."