Mikono ya Kuazima

Siku hizi mtoto asiyeweza kufunga vifungo huvishwa shuleni glavu zilizonasa miondoko ya mikono ya mtu mwingine, nazo humfundisha kuifuata. "Sasa anaweza bila glavu," mtaalamu wa tiba kazi, anayewafunza watoto kutumia mikono, alimwambia Koku, mama yake Kemilembe.

Jioni Kemilembe akasukuma chapati, ikatoka duara kama mwezi. Machozi yakamlengalenga Koku.

Kisha mtoto akaketi, mikono yake ikaanza kupigapiga hewa taratibu, kama anayembembeleza mtoto alale.

"Unambembeleza nani, mwanangu?"

"Simjui, mama. Mikono ndiyo inamtafuta."

Koku akapiga magoti, akaweka kichwa pale mikono ilipokuwa ikipigapiga. Mikono ikampapasa usoni, ikasita, kisha ikamsogeza kando polepole.