Meza za Akina Mama

"Tena!" Kocha Vernon Stuckey alifoka. "Hata bibi yangu mzaa mama anakushinda mbio, na alishakufa!"

Cody alikimbia tena, uwanja mzima wa mpira wa kikapu, kwenda na kurudi, mpaka akatapika pembeni ya mstari. Wenzake wakainama kutazama viatu vyao.

"Kocha, mpunguzie kidogo," msaidizi wake alinong'ona.

"Wengine nitawapunguzia. Huyu hapana."

Ndivyo Stuckey alivyojijengea jina. Chuo chao kilikuwa kidogo, huko mashambani Indiana, lakini kila Machi kilikuwamo kwenye mashindano makubwa ya vyuo vya nchi nzima. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye aliwainamisha vijana mpaka migongo ikalia.

Alasiri hiyo Bi Marlene Kopp, mkurugenzi wa michezo, alimwita ofisini akafunga mlango.

"Mama wa mchezaji mmoja amekushtaki, Vernon. Anasema unawatesa vijana. Bodi inakaa kesho, na safari hii sidhani nitaweza kukuokoa."

Moyo ulimchoma Stuckey. Mama! Hao akina mama aliwafuata jikoni kwao mmoja mmoja, kuwaomba watoto wao waje kumchezea. Yule wa mji wa Gary alimkaangia kambare. Yule wa Terre Haute alimkatia pai, akamlilia begani, akamwambia, "Mchukue, Kocha, mfanye mwanamume." Leo mmoja wao kamgeuka. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako. Aliwapitia wote kichwani. Mama yake Cody tu ndiye hakumfikiria; huyo hakuwahi kuhitaji kubembelezwa.

"Ni wa yule mrefu, eti? Nimemweka mwanawe benchi, basi kanuna."

"Siye."

"Basi nitajie! Nimekula mezani kwao, Marlene. Niliwaapia nitawalea watoto wao kama wangu. Mtu anakupakulia chakula kwa mkono wake, halafu anakuchimbia kaburi?"

Kazi ya maisha yake yote, na inazimwa na mtu aliyemchekea mlangoni.

Bi Kopp alivua miwani.

"Alikuja mwenyewe. Alikaa kiti hicho hicho, akalia mpaka akaishiwa machozi."

"Mama gani huyo?"

"Yule aliyekupikia chai asubuhi ya leo, Vernon. Anasema siku hizi hata nyumbani Cody anakuita Kocha."