Cheti cha Bibi Yake

Cheti cha kuzaliwa cha marehemu mke wangu nilikuwa nimekikalia kitini, huku mjukuu wangu Keeley akipekua makabati.

"Babu, si bibi alizaliwa Ireland? Nikikipata cheti chake napewa pasipoti ya kwao, ya Umoja wa Ulaya, naenda Ufaransa kufanya kazi ya kupika."

"Subiri. Serikali imeahidi mpango wa vijana kwenda kufanya kazi Ulaya."

"Wanaahidi tangu niko shule! Nikisubiri nitazeekea hapa Grimsby, nimenuna kama wewe."

Wakubwa walitutoa Waingereza kwenye Umoja wa Ulaya, wakatufungia mlango, sasa wanabishana waufungue kiasi gani. Nami nimebakiwa na mjukuu huyu mmoja tu.

Karatasi ilikuwa imeshapata joto la mwili wangu.

"Kimebaki kiti chako, babu," akasema, akininyooshea mkono. "Hebu simama."

Nilitaka kusingizia magoti. Nikaushika mkono wake, nikainuka.