Kishikio cha Upande wa Abiria

Ukucha wa zambarau ulikuwa umenasa nyuma ya kishikio cha ndani, mlango wa abiria wa pikapu ya shemeji yangu. Chini yake nyama ilikuwa imekauka.

Juzi dada alikuja nyumbani na kidole kimefungwa bandeji. "Mlango ulinibana," alimwambia mama.

"Mlango huo achana nao!" shemeji akanipigia kelele kutoka kivulini. "Tengeneza wa dereva, ndio unaogoma kujifunga nikibonyeza rimoti."

Hata hivyo niliufungua ubao wa ndani wa mlango wa abiria, ili nilinganishe mota za vitasa. Mota yake ilikuwa nzima, ila kifimbo kinachovutwa na kishikio kilikuwa kimekatwa kwa koleo. Aliyeketi pale hatoki mpaka afunguliwe kwa nje.

Nikabadilisha mota ya dereva, kisha kifimbo cha mlango huo nikakichomoa, nikakitia mfukoni.

"Ingia tujaribu, shemeji."

Ndiyo kawaida yangu: mteja huketi ndani, vioo vya umeme vikiwa juu, nami hubaki nje na ufunguo wenye rimoti. Akaingia bila wasiwasi. Nikabonyeza. Milango yote miwili ikajifunga kwa pamoja, tak!

"Aisee, wewe ni fundi kweli!"

"Haya, fungua."

Akavuta kishikio cha dereva. Akavuta tena, kwa mikono miwili. Kicheko kikamkauka.

"Mbona haufunguki?"

"Vuta tu, shemeji. Dada alivuta mpaka akaacha ukucha."

Kisha nikaenda kuchukua kopo la petroli tunayooshea vipuri.