Sifuri Nukta Tano

"Dada, ule msimbo wako wa kugeuza maandishi kuwa namba una kasoro," mwenzake wa kazini alimwambia kwenye simu. "Ukiandika sifuri nukta tano, mashine inasoma tano."

Binti huyo alikuwa amekaa kando ya kitanda cha mama yake hospitalini. Kwa miaka sita kazi yake ilikuwa kutunza maktaba ya lugha ya kompyuta ya C, yaani vipande vya programu vinavyotumiwa na mashine ndogondogo. Aliinamia pampu ya dawa iliyounganishwa na mkono wa mama. Kwenye kioo palikuwa na jina la mfumo wao, na toleo alilolipitisha mwenyewe.

Nesi alifika, akabonyeza sifuri, nukta, tano. Kidole chake, chenye kucha iliyokatwa hadi kwenye nyama, kikaelekea kwenye kitufe cha kuanzisha.

Binti aliudaka mkono ule. "Usibonyeze, dada! Itampa dawa mara kumi!"

"Umejuaje?"

"Programu yake niliiandika mimi."

Nesi aliuchomoa mkono wake taratibu, akageuka kutazama wodi. Pampu nyingine kumi na moja za aina ile ile zilikuwa zikiunguruma.

"Na hizi je?"